Jinsi ya kupanga klipu za video ili uipate unayoitaka

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazi alinipigia simu usiku. "Kaka, ile klipu ya mikono ya fundi akipiga randa ninayo, nina hakika ninayo, ila siioni." Alikuwa ameshapekua diski tatu. Tuliipata saa nane usiku, ndani ya folda iliyoitwa "MPYA 2", jina lake C0047.MP4. Klipu yenyewe ni ya sekunde kumi na mbili. Siku mbili zilizofuata tulikaa pamoja tukaipanga diski yake upya, na hizi ndizo hatua tulizopitia.

Hatua ya 1: Nakili memori kadi nzima

Usichomoe video peke yake. Kamera nyingi huweka kando ya video faili ndogo zenye taarifa za klipu. Sony, kwa mfano, huweka faili za XML ndani ya folda ya M4ROOT. Nakili folda zote kama zilivyo, kwenye diski mbili, ndipo ufute kadi.

Hatua ya 2: Folda moja kwa kila siku ya kurekodi

Mfano: 2024-03-12_karakana. Mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, maana kompyuta hupanga majina kwa kufuata herufi na tarakimu, na mpangilio huo pekee ndio utakaofuatana na kalenda. Usitengeneze folda za mada kama "watoto" au "mandhari". Klipu moja ina mada nyingi, lakini inaweza kukaa kwenye folda moja tu.

Hatua ya 3: Badilisha majina kabla ya kuingiza kwenye programu ya kuhariri

Nasema kabla. Ukibadilisha jina baadaye, mradi wako utafunguka ukidai faili hazipo, na utaanza kuziunganisha upya moja moja.

Namba za kamera hazitoshi kuwa jina. Kamera mbili za aina moja zote zitakupa C0001, na namba za tarakimu nne zikifika 9999 huanza upya. Tanguliza tarehe na kazi, na jina la kamera ulibakize mwishoni: 2024-03-12_karakana_C0047.MP4. Ukitumia GoPro, kumbuka kwamba GX010034 na GX020034 ni vipande vya rekodi moja.

Kusoma tarehe iliyo ndani ya faili mimi natumia programu ya ExifTool, nayo ni ya bure. Angalizo moja: faili za MP4 na MOV zinatakiwa kuhifadhi saa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), ila kamera nyingi huandika saa iliyowekwa kwenye kamera. Kama uko saa tatu mbele ya UTC, klipu ya saa saba na nusu usiku inaweza kusomeka kuwa ya saa nne na nusu, tena ya tarehe ya nyuma yake. Jaribu klipu moja unayoijua saa yake kabla ya kubadilisha majina mia nne.

Hatua ya 4: Jedwali

Katalogi yangu ni jedwali la kawaida, Excel au LibreOffice Calc, na nakala yake ya CSV, yaani faili ya maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa koma. Programu za kupanga picha na video huja na kuondoka: Google iliacha Picasa mwaka 2016. CSV inafunguka popote. Klipu moja, mstari mmoja. Safu ni: jina la faili, diski, tarehe, mahali, waliomo, idadi yao, umbali wa picha (mbali, kati, karibu), sauti, ruhusa ya kutumia, na maneno.

Hatua ya 5: Maneno ya kutafutia

Hapa ndipo nilipoungua. Katalogi yangu ya kwanza ilikuwa na klipu zaidi ya elfu moja, na nilizijazia maneno kwa wiki tatu. Siku moja niliandika "mtoto anacheza", siku nyingine "watoto wakicheza", nyingine "mchezo wa watoto". Nilipokuja kutafuta "mtoto", klipu nyingi nilizozikumbuka vizuri kabisa hazikutokea.

Kompyuta inalinganisha herufi tu. Kiswahili nacho hubadilisha neno mwanzoni: mtoto, watoto, kiti, viti, ukuta, kuta. Wengi hukwepa tatizo hili kwa kutafuta shina, na ukiandika "toto" kweli unapata mtoto na watoto. Lakini "kono" italeta mkono, mikono na konokono. "Imbo" italeta wimbo, nyimbo na fimbo. Jicho na macho, jino na meno, jiwe na mawe hazina hata shina la kushika.

Kwa hiyo weka kanuni kabla ya kuandika neno la kwanza:

Nomino zote ziwe katika umoja, hata picha ikiwa na umati. Andika "mtoto", halafu kwenye safu ya idadi andika mmoja, wachache au umati. Maneno kama maji na mazingira yaache yalivyo.

Vitendo vyote vianze na ku-: kucheza, kupiga randa. Usiandike anacheza, wamecheza wala kuchezewa. Hii peke yake iliokoa nusu ya katalogi yangu.

Kati ya maneno yenye maana moja chagua moja. Sherehe, hafla, tafrija: mimi nilichagua sherehe. Kwenye ukurasa wa pili wa jedwali andika "hafla: tazama sherehe". Fanya hivyo pia kwa tahajia, kama baiskeli na baisikeli. Ukurasa huo uwe wazi mbele yako kila unapojaza, na usibuni neno jipya bila kuliingiza humo kwanza.

Usiandike sifa kama "nzuri" au "inagusa". Mtu hutafuta kinachoonekana na kinachosikika. Maneno matano hadi manane kwa klipu yanatosha.

Tenganisha maneno kwa koma bila nafasi, na uanze na umalize kwa koma: ,fundi,mkono,kupiga randa,ubao, . Sababu ni hii. Nilipotaka kusahihisha katalogi ile ya zamani, niliiambia programu ibadilishe kila "kuta" iwe "ukuta". Ikabadilisha na zilizo ndani ya maneno mengine, kila "kukutana" ikawa "kuukutana". Nilifanya hivyo kwa maneno zaidi ya ishirini kabla sijagundua, na sikuwa na nakala. Nilirudia kazi kwa mkono, siku nne. Ukiwa na koma pande zote unatafuta ,kuta, na unabadilisha kuwa ,ukuta, na hakuna neno jingine linaloguswa. Hata hivyo, hifadhi nakala ya jedwali kwanza, yenye tarehe kwenye jina.

Hatua ya 6: Jaribu na mtu mwingine

Mpe jedwali mtu ambaye hakurekodi, umwombe klipu kwa maelezo ya mdomo. Akiandika neno ambalo hulitumii, liingize kwenye ukurasa wa pili. Mwenzangu nilimwomba "seremala akifanya kazi". Akatafuta "seremala", hakuna kitu, kwa sababu sisi tuliandika "fundi". Tukaongeza mstari, "seremala: tazama fundi", akachuja "fundi" na "karibu", ikatokea klipu yake ya mikono na nyingine tatu za siku ile ile ambazo hakukumbuka kwamba alizirekodi.