Kuboresha pikapu nyumbani Mombasa: anza na maji yanapotokea

Si ajabu Pwani kukuta pikapu injini yanguruma vizuri na chasisi imeliwa kama biskuti. Kwa hiyo kabla ya rolba (bomba la chuma nyuma ya kebini), taa za ziada na mati ya kupendeza, kila kitu unachotaka kukifunga kiulizie swali moja: maji ya chumvi yakiingia hapa, yatatokea wapi? Kama huna jibu, usikifunge.

Anza kwa kuosha chini ya gari, na uangalie unaosha kwa maji gani. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na ukioshea maji hayo unaiongeza chumvi badala ya kuitoa. Yaonje tu kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, tumia maji ya mfereji au ya mvua, hata kama ni madumu matano ya lita 20. Elekeza maji ndani ya matundu ya chasisi mpaka yatoke bila mchanga, kisha zibua matundu ya chini kwa waya mgumu. Matundu hayo yakiziba kwa matope, chasisi inageuka mtungi.

Gari likikauka, gonga chasisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na pengine hubonyea. Gonga zaidi nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwenye mabano ya springi, na upande wa juu ulio chini ya bodi, ambako mchanga hukaa miaka. Ukipata palipooza, simamisha mipango mingine. Kuchomelea chasisi ni kazi ya fundi mzoefu, na kabla hajawasha mashine vua waya wa hasi wa betri, tazama mipira ya breki na tangi la mafuta viko wapi.

Bodi ya mizigo

Hapa ndipo wengi hukosea. Bati la alumini lenye maua linapendeza, lakini likipigwa ribiti juu ya bodi ya chuma, maji ya barafu ya samaki hupenya kwenye kingo na hayatoki tena. Juu linang'aa, chini chuma kinamumunyika, na kuzunguka ribiti alumini yenyewe inageuka unga mweupe kwa sababu metali mbili tofauti zimekutana kwenye maji ya chumvi. Bodi ya plastiki ya kupachika ina tatizo hilohilo, na juu ya hapo husuguasugua rangi kila gari linapotikisika. Kilicho bora ni rangi nzito ya mpira unayoipaka mwenyewe, ile ya kuchanganya na kigumisho, kwa sababu inashikana na chuma bila kuacha nafasi.

Pima eneo kabla ya kununua. Bodi ya pikapu ya milango minne, ya takriban mita 1.5 kwa 1.5, yenye kuta za sentimita 45, ina karibu mita za mraba 5. Lita 4 zitatosha mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Bodi ndefu ya pikapu ya milango miwili inaweza kufika mita za mraba 7, basi tafuta lita 6.

Ukiweza, ishushe bodi. Ni bolti 6 au 8, plagi ya taa za nyuma, waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari) na shingo ya tangi la mafuta iliyofungwa kwenye ubavu. Watu wanne wanaiinua. Ni usumbufu, ila ndiyo nafasi pekee ya kuifikia ile sehemu ya juu ya chasisi. Kisha:

1. Ondoa mafuta ya samaki na grisi kwa sabuni na maji matamu, halafu pitisha kitambaa chenye thina. Usianze na msasa, maana msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo.
2. Kutu iondoe kwa grenda yenye brashi ya waya, kisha msasa namba 80. Vishimo vilivyobaki vyeusi vipake dawa ya kutu ya asidi ya fosforiki, na ufuate muda ulioandikwa kwenye chupa.
3. Rangi nzima iliyobaki ikwaruze kwa namba 180 mpaka isiwe na mng'ao hata kidogo. Palipobaki mng'ao ndipo rangi mpya itakapobanduka.
4. Chuma kilicho wazi kipake praima ya epoksi, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Kwa hewa ya hapa, chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja huamka cha rangi ya chungwa.
5. Paka mkono wa kwanza mwembamba, wa pili mzito, ukipishana saa zilizoandikwa kwenye kopo. Usizibe matundu ya kutolea maji. Yachomeke vijiti, uvitoe rangi kabla haijakaza.

Saa nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini, umande ukiwa umekwisha. Kama una shaka na unyevu, pitisha kitambaa kibichi kwenye bati utengeneze alama nyembamba ya maji. Isipokauka kwa dakika 15, ahirisha. Wenye subira hungoja Januari au Februari, wakati wa kaskazi, kuliko kuhangaika na mvua za Aprili na Mei. Ukibadilisha rangi ya gari zima au aina ya bodi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, waarifiwe ili logbook (hati ya usajili) ilingane na gari.

Springi za nyuma

Kuongeza jani moja la springi huinua nyuma tupu kwa sentimita 2 hadi 5 na kuzuia gari kukaa chini likibeba. Halikupi ruhusa ya kupakia zaidi ya uzito wa mtengenezaji. Ekseli, breki na tairi ni zilezile.

Weka stendi chini ya chasisi, mbele ya springi, na jeki ya pili chini ya ekseli. Nati za yuboliti, bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku uliotangulia. Kabla ya kufungua bolti ya katikati inayoshikanisha majani, bana majani kwa klampu mbili. Yakifyatuka yanavunja vidole. Pachika jani jipya kwa kufuata ngazi ya urefu, tia bolti ya katikati iliyo ndefu zaidi, na hakikisha kichwa chake kimezama kwenye tundu la ekseli. Kisipozama, ekseli hukaa upande na gari litakwenda kama kaa. Yuboliti ziwe mpya, kwani za zamani zimeshavutika, na zikazwe kwa kupishana, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Zikaze tena baada ya kilomita 500.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Pikapu nyingi zina vali ya breki juu ya ekseli ya nyuma, yenye rodi inayopima umbali kati ya ekseli na chasisi. Ukiinua gari, vali hudhani halina mzigo na hupunguza breki za nyuma, hata likiwa limejaa viazi vya soko la Kongowea. Rekebisha bano la rodi hiyo, kisha jaribu breki mahali patupu. Taa za mbele nazo zitakuwa zimeinama, zipime upya.

Taa za ziada

Taa ya wati 120 kwa volti 12 huvuta ampea 10. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 isiyozidi sentimita 30 kutoka betri, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya ampea 30. Miguu ya rilei ina namba: wa 30 hupokea umeme kutoka fyuzi, wa 87 huenda kwenye taa, wa 86 hutoka kwenye swichi, wa 85 huenda athi. Swichi ipate umeme wake kwenye waya wa mwanga mkali (ful) wa taa za mbele, ili ukipunguza mwanga na zile za ziada zizimike. Pima kwanza kwa testa: Toyota nyingi hukata taa upande wa hasi, na hapo mguu wa 85 ndio unaokwenda kwenye waya wa mwanga mkali, wa 86 kwenye chanya ya taa.

Athi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, halafu ipakwe grisi. Viungo vichomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira wa kusinyaa. Tepu peke yake hapa huachia, na shaba hugeuka kijani ndani yake. Rilei ifunge miguu ikitazama chini, na waya uache ushuke kitanzi chini yake kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke kwenye kitanzi na lisiufuate waya mpaka ndani ya rilei.