Kabla ya Kufunga Manifoldi ya Hewa: Maandalizi ya Gasketi

Manifoldi, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa kila silinda, ikivuja baada ya kufungwa, lawama huangukia gasketi, kizibo chembamba kinachokaa kati yake na hedi (kichwa cha injini). Ukiifungua tena, mara nyingi utakuta gasketi haina kosa: kipande kikavu cha ile ya zamani kimebaki ukingoni mwa tundu, au bolti imegota kwenye uchafu chini ya shimo, ikaonekana imekaza kumbe manifoldi haijabanwa.

Anza kwa kujua gasketi yako inazuia nini. Kwenye injini nyingi za silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, kazi yake kubwa ni kuzuia hewa. Kwenye baadhi ya injini za V, hasa zile zenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) chini katikati ya bloku, manifoldi hufunika bonde lenye oili na pia hupitisha maji ya rejeta. Hapo gasketi moja inatenganisha hewa, maji na oili, na ikikosea upande wa ndani, maji huingia kwenye oili bila tone kuonekana nje. Kwa hiyo, kama manifoldi yako ina njia ya maji, mwaga maji ya rejeta kabla ya kulegeza bolti yoyote.

Nunua seti nzima. Gasketi ya manifoldi pekee haitoshi ikiwa utafungua pia throto (mlango wa hewa), vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) au manifoldi ya vipande viwili yenye gasketi yake katikati. Oringi (pete za mpira) za nozeli zilizokwisha kutolewa zibadilishwe, na mpya zipakwe oili safi kidogo ili zisikatike zinapoingia. Linganisha gasketi mpya na ya zamani tundu kwa tundu. Zipo zenye upande wa juu na wa chini, na nyingine huziba kwa makusudi njia moja inayofanana na nyingine. Ukiigeuza, unaweza kuziba maji yaliyopaswa kupita.

Injini iwe baridi kabisa. Chomoa terminali hasi ya betri, lakini baada ya kushusha presha ya mafuta: toa fyuzi ya pampu, washa injini iishie yenyewe. Mfumo wa kawaida wa nozeli hukaa na presha ya karibu bar 3. Ule unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda unaweza kuvuka bar 100, na huo ufunguliwe kwa utaratibu wa kitabu cha injini hiyo tu.

Usafi ndio unaokula muda, na ndipo watu wengi hukimbilia mashine ya kusaga. Usitumie diski ya msasa juu ya hedi ya aluminiamu. Inachimba mabonde yasiyoonekana kwa jicho, na vumbi lake gumu likiingia kwenye oili huenda moja kwa moja kwenye beringi za krenki. Ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi na uandike idadi yake: ukiweka 6, vitoke 6. Kwangua kwa kikwangulio cha plastiki, mabaki yakikataa yapulizie dawa ya kulainisha gasketi na uyaache dakika chache. Maliza kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia breki. Kisha pitisha ukucha juu ya uso wote. Ukucha ukikwama, bado hujamaliza.

Uso uliosafishwa upimwe. Laza rula nyoofu ya chuma kwa urefu na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kikomo kimo kwenye kitabu cha injini, lakini unene wa milimita 0.10 ukipita kirahisi, lichukulie kama onyo. Manifoldi iliyopinda haiponi kwa silikoni. Ichongwe kwenye mashine au ibadilishwe. Kwenye injini ya V, hedi zilizochongwa sana hushuka na kusogeleana, mashimo ya bolti yakaacha kulingana na manifoldi. Jaribu kuipachika bila gasketi kwanza.

Mashimo ya bolti yapulizwe kwa hewa, macho yakiwa na miwani. Oili au maji yakibaki kwenye shimo lisilotoboka, bolti inayoshuka huyabana hadi yakapasua chuma. Bolti zinazoingia kwenye maji au oili zinahitaji dawa ya kuziba hesi (mikunjo ya bolti).

Kuhusu silikoni, kidogo ni bora, na mara nyingi hakuna ni bora zaidi. Gasketi yenye mpira uliochomoza au oringi kwenye mfereji hufungwa kavu, kwa sababu silikoni huifanya iteleze ikibanwa. Petroli pia huilainisha silikoni ya kawaida. Mahali pake ni kwenye kona na kwenye kingo za mbele na nyuma za bonde la V: mstari wa milimita 3 hadi 5, wa aina isiyodhuru sensa za oksijeni. Ukishaupaka, shusha manifoldi wima, bila kuiburuta, kabla haujaota ngozi. Andaa mtu wa kushika upande wa pili.

Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, iwe inayosoma vipimo vidogo. Bolti nyingi za M6 hapa hukazwa karibu Nm 10, na ile kubwa ya nati za magurudumu haisomi huko chini. Angalia kizio pia: pauni-inchi 89 ni Nm 10, lakini ukisoma pauni-futi 89 utafika Nm 120 na bolti itakatika zamani. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu 2 au 3.

Silikoni iache saa 24 kabla ya kujaza maji. Injini ikiwashwa, mzunguko unaopanda na kushuka bila kukanyaga mafuta, sauti ya kufyonza au kodi ya hitilafu P0171 (hewa nyingi kuliko petroli) ni dalili kwamba hewa inapita. Pima kwa mashine ya moshi. Kupulizia kimiminika kinachowaka juu ya injini ya moto ni kutafuta moto. Gasketi za karatasi au za koki (gome jepesi, cork) zinaweza kuhitaji kukazwa tena mara moja injini ikishapoa, kitabu kikisema hivyo. Zile za plastiki zenye mpira usiziguse tena.