Kufunga keria kwenye gari lenye paa la kioo

Sisi wa Nakuru vumbi tunalijua. Ndiyo maana nasema adui wa kwanza wa paa la kioo si uzito, ni chembe ya mchanga. Niliwahi kufunga keria, ile ya kubebea mizigo juu ya paa, kwenye X-Trail ya jirani jioni bila kuliosha gari. Kulipokucha, kioo kilikuwa na mkwaruzo mrefu kama kiganja. Polishi nilinunua mimi, na alama bado ipo.

Hatua ya 1. Soma kitabu cha gari ujue paa linabeba kilo ngapi. Magari mengi ni 75 hadi 100. Tesla Model 3, yenye paa la kioo, ni 68. Keria nayo huhesabiwa humo. Kama gari limetoka Japani na kitabu ni cha Kijapani, piga picha ukurasa huo, simu itakutafsiria.

Hatua ya 2. Osha paa kwa sabuni, ukaushe, ufute pia nyayo za raba za keria. Tandaza blanketi nene juu ya kioo. Kandokando ya mahali miguu itakapokaa, bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi.

Hatua ya 3. Inueni keria mkiwa watu wawili, kila mmoja upande wake, na msiiburute. Miguu ikae kwenye reli au fremu ya chuma, kamwe si juu ya kioo. Kaza kwa zamu: kushoto kidogo, kulia kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, bomba la keria linalovuka paa linakaa mshazari na kuvuta fremu. Na tafadhali, usichomeke paipu kwenye spana ili upate nguvu! Kiasi cha kukaza kimeandikwa kwenye karatasi ya keria.

Hatua ya 4. Toa blanketi, pakia mzigo, kisha chungulia nafasi iliyobaki kati ya bomba na kioo. Bomba hupinda likibeba, kwa hiyo nafasi uliyoiona likiwa tupu inadanganya. Kama kioo hufunguka, kifungue polepole mtu akiangalia. Kikigusa bomba, kikae kimefungwa hadi keria itoke.

Kaza tena baada ya kilomita 50 hivi. Ukielekea Kisumu, simama Mau Summit.

MASWALI

Msomaji wa Kondele: Fundi, mchomeleaji wa jua kali wa hapa atanichomelea keria ya chuma kwa bei nafuu. Nikubali?

Jibu: Kwa pikapu, sawa. Kwa paa la kioo, hapana. Chuma kile ni kizito, kinakula kilo zako kabla hujapakia kitu, na miguu haikupimwa kwa fremu ya gari lako.

Msomaji wa Molo: Naweza kubeba magunia mawili ya viazi?

Jibu: Gunia halali ni kilo 50, kwa hiyo mawili ni 100 na keria bado. Moja juu kama kitabu kinaruhusu, la pili kwenye buti. Mkanda upite kwenye bomba, usilale juu ya kioo.

Msomaji wa Kakamega: Keria yangu inavuma mpaka mama watoto amekataa kupanda.

Jibu: Dada ana haki. Ukiwa ni mkanda unaovuma, usokote mara moja kabla ya kuufunga. Kama keria ni tupu, mbona bado iko juu? Itoe, inakunywa mafuta bure.