Lusina Haitaki Maji ya Kisima ya Kugusagusa

Lusina (alfalfa, mmea wa malisho ya mifugo) ikikauka kingo za majani ilhali udongo unaonekana umelowa, usikimbilie mbolea. Chimba kwa jembe. Mara nyingi utakuta sentimita tano za juu ni tope, chini yake pakavu, na kwenye matuta ukoko mweupe wa chumvi. Chanzo ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Tumelisema hili mara nyingi, na bado kila jioni bomba linafunguliwa dakika ishirini, likafungwa.

Maji ya chini ya ardhi hubeba chumvi ya miamba yaliyopitia. Mmea na jua vikichukua maji, chumvi haiendi popote. Maji yenye kipimo cha 2 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha wingi wa chumvi majini) yana takribani kilo 1.3 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Ukiimwagilia hekta maji ya kina cha milimita 1,000 kwa mwaka, umeiongezea tani 13 hivi. Bila maji ya kuisukuma chini ya mizizi, yote inabaki hapohapo.

Pimisha maji kabla ya kununua mbegu. Endesha pampu nusu saa kwanza, kwa sababu maji yaliyolala kisimani hayafai kuwa sampuli. Suuza chupa ya plastiki mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi mdomoni, funga. Omba na sodiamu ipimwe, maana ikizidi hugandisha udongo wa mfinyanzi. Lusina huanza kupunguza mavuno maji yakipita 1.3 dS/m, yakifika 2.2 umepoteza karibu sehemu ya kumi. Shayiri ya malisho hustahimili mpaka 4, ukoka 4.6. Lakini viwango hivyo vinachukulia kwamba angalau asilimia 15 ya maji unayotia inapita chini ya mizizi. Ukigusagusa, havikuhusu.

Hesabu ni hii. Lusina iliyokomaa kwenye udongo tifutifu hutumia milimita 75 kabla ya kuanza kuteseka, na kwa joto la kuipunguzia milimita 6 kwa siku, hizo ni siku 12. Siku ya 12 usitie 75. Ili ile asilimia 15 ipite chini ya mizizi, gawanya 75 kwa 0.85, upate 88, yaani mita za ujazo 880 kwa hekta. Wengi huongeza asilimia 15 juu ya 75, hiyo haitoshi. Udongo wa kichanga hushika kidogo: milimita 47 kila baada ya siku sita au saba.

“Kisima changu hakiwezi.” Kinaweza, ukigawa shamba. Pima kwanza baada ya pampu kufanya kazi saa kadhaa, si mara tu inapowashwa: pipa la lita 200 likijaa kwa sekunde 72, una mita 10 za ujazo kwa saa. Gawa hekta majaruba manane, kila siku jaruba moja kwa saa 11. Unamaliza siku ya nane, kisima kinapumzika siku nne.

Kesho yake sukuma nondo ya milimita 12 ardhini kwa mikono. Itashuka kwenye unyevu na kugoma kwenye ukavu. Ikigoma kabla ya mita moja, na si kwa jiwe, hukutia maji ya kutosha, hata kama juu pameteleza.

Miche michanga tu, wiki mbili tatu za mwanzo, ndiyo inayotaka maji mepesi ya mara kwa mara. Tabia mbaya huanzia hapo: lusina imefika magotini, mkulima bado anaitunza kama kitalu. Acha!

Ukifanya sawasawa, ukoko hupungua na machipukizi baada ya kukata hutoka kwa pamoja.

Kabla ya yote, chimba shimo la mita mbili. Maji yakichuruzika humo, usisukume chumvi chini kwa maji mengi. Itapanda tena na unyevu. Hapo chimba mtaro wa kutoa maji kwanza.