Jinsi ya kuomba kuwa mshiriki mkuu kwenye tume ya unyanyasaji wa watoto Uingereza

Enzi za tume ya Alexis Jay, iliyochunguza unyanyasaji wa kingono kwa watoto Uingereza na Wales, nilimsaidia rafiki yangu kuandika ombi la kuwa mshiriki mkuu, yaani mtu au taasisi ambayo tume huitambua rasmi kuwa inaguswa kwa karibu na uchunguzi. Alikulia kwenye kituo cha watoto. Tulikaa jikoni kwangu, akajaza kurasa nne za aliyotendewa, chai ikapoa. Wakili akazisoma kimya, kisha akapiga mstari karibu kote. Tulikasirika. Lakini alikuwa sahihi: ombi si mahali pa kusimulia. Masimulizi yalikuwa na mlango wake, Mradi wa Ukweli, ambako watu zaidi ya 6,000 walisikilizwa bila kuapishwa.

Anza na hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ambayo tume imeagizwa kuyachunguza. Tafuta kifungu kinachokugusa, kisha sema kwa ufupi: kituo gani, miaka ipi, wewe ulikuwa nani pale. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Tume za mwaka 2006 inamtaka mwenyekiti apime kama ulihusika moja kwa moja na kwa uzito, kama una maslahi makubwa katika jambo lenyewe, au kama huenda ukalaumiwa. Manusura wengi huegemea hilo la pili. La tatu huwaleta makanisa na halmashauri, kwa hiyo usishtuke ukiwakuta nao ni washiriki wakuu, meza ya pili kutoka yako.

Mkiwa wengi wenye kilio kimoja, mtaambiwa mtumie wakili mmoja. Gharama zake tume inaweza kuzilipa, ila huombwa mapema. Ulizia kabla hujasaini chochote.

Ukikubaliwa, utaona nyaraka kabla ya umma, baada ya kusaini ahadi ya kutunza siri. Rafiki yangu alikuwa akifunga mlango wa chumba ndipo afungue faili lake, mkewe yuko sebuleni. Kurasa nyingine zilikuwa mistari myeusi mitupu, maneno yamefichwa. Wakili wako anaweza kutoa hotuba ya kufungua na ya kufunga. Kumhoji shahidi ni mpaka mwenyekiti aruhusu. Jina halitajwi: sheria humlinda aliyetendewa kosa la kingono maisha yake yote.

Zile kurasa nne hatukuzitupa. Ndizo zilizokuja kuwa maelezo yake ya ushahidi.

Juni 2025 serikali ilitangaza tume nyingine, ya magenge yanayowarubuni watoto. Watu wawili wameshanipigia simu. Nimewaambia waandike yote kwanza, wayafungie kabatini, halafu waje na karatasi tupu.