Somo: Kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme kutokana na volteji na mkondo

Swali hili limeulizwa hapa mara nyingi kwa sura mbalimbali, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeliuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Hesabu yenyewe ni kugawanya na kuzidisha tu. Wengi hukosea katika kupima, kabla hata hawajashika kalamu.

Hatua ya 1. Pima volteji kati ya ncha mbili za kifaa chenyewe kikiwa kinafanya kazi, wala usinakili namba iliyochapishwa kwenye betri.

Hatua ya 2. Pima mkondo. Zima umeme, kata njia yake mahali pamoja, hamishia waya mwekundu wa mita (multimita, ipimayo volti, ampea na omu) kwenye tundu la ampea, unganisha mita katika pengo hilo ili mkondo wote upite ndani yake, ndipo uwashe. Hapa ndipo nilipoharibu. Siku moja, baada ya kupima mkondo, nilizungusha swichi ya mita hadi kwenye volti lakini nikausahau waya mwekundu katika tundu la ampea, kisha nikagusisha ncha zote mbili kwenye betri. Kwa kuwa njia ya ampea ndani ya mita ina ukinzani mdogo mno, ilikuwa sawa na kupiga shoti: cheche moja, kisha kimya. Hasara kubwa zaidi ilikuja baadaye, kwa sababu fyuzi iliyo ndani ya mita ilikuwa imekatika nami sikujua, na kila nilipopima mkondo nilipata 0, nikamaliza jioni nzima nikizilaumu rezista zisizo na kosa. Kifaa kikizimika pale tu unapounganisha mita, ishuku fyuzi kwanza. Ukiibadilisha, weka ya kiwango kilekile, wala usithubutu kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya. Tena, jifunzie kwenye betri ndogo. Umeme wa ukutani haumsamehe anayejifunza.

Hatua ya 3. Geuza miliampea ziwe ampea kwa kugawanya kwa 1,000.

Hatua ya 4. Ukinzani: R = V ÷ I, ambapo V ni volteji kwa volti na I ni mkondo kwa ampea; jibu ni kwa omu.

Hatua ya 5. Nguvu: P = V × I, jibu ni kwa wati.

Mfano: rezista ina volti 12 na inapitisha miliampea 40, yaani ampea 0.04. Ukinzani ni 12 ÷ 0.04 = omu 300, na nguvu ni 12 × 0.04 = wati 0.48. Rezista ndogo ya wati 0.25 ingeungua hapo. Ya wati 0.5 ingehimili kwa shida, na mimi ningeweka ya wati 1.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Saketi: Nimefuata hatua zote za mfano wako, napata omu 0.3 na wati 480. Somo lina kosa.

Jibu: Somo halina kosa, umeruka hatua ya 3. Wati 480 huchemsha maji, sasa zitatokaje kwenye rezista ndogo kama punje ya mchele?

Mdadisi: Shikamoo, mwalimu. Balbu yangu ya filamenti imeandikwa volti 230, wati 60. Nimeichomoa nikaipima kwa upande wa omu, nikapata 65, ilhali hesabu inanipa karibu 880. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hukukosea popote, na nashukuru kwa kupima badala ya kukisia. Filamenti ni tungsteni, ambayo ukinzani wake huongezeka kadiri inavyopata joto, na balbu inapowaka joto hilo hupita nyuzi 2,000 za selsiasi. Umepima ikiwa baridi. Hesabu inakuambia ilivyo ikiwaka. Sasa gawanya 230 kwa 65: kwa muda mfupi sana baada ya kuwasha, balbu inaweza kuvuta zaidi ya ampea 3 badala ya 0.26, ndiyo maana balbu nyingi za aina hiyo hukatika pale zinapowashwa.

Mdadisi: Ahsante. Na hili: P = I²R inaonyesha kuwa ukinzani ukizidi nguvu huongezeka, lakini P = V²/R inaonyesha inapungua. Ipi ni kweli?

Jibu: Zote mbili, kwani kila moja ina sharti lake. Ya kwanza inakupa jibu hilo iwapo mkondo haubadiliki, kama ilivyo kwa vifaa vilivyofuatana katika njia moja. Ya pili iwapo volteji haibadiliki, kama ilivyo kwa vifaa vilivyounganishwa sambamba kwenye chanzo kimoja. Kabla ya kuchagua kanuni, jiulize ni kipi kimeshikiliwa.

Pangaboi: Mota ya feni ina volti 230 na ampea 0.5, lakini mita ya wati inasoma 80 badala ya 115. Kanuni yako haifai.

Jibu: Kanuni inafaa pale nilipoitumia, yaani kwenye betri na rezista. Katika mota ya umeme geu (AC, kama wa ukutani), volteji na mkondo havifiki kileleni kwa wakati mmoja, hivyo 115 yako ni volti-ampea, wala si wati. Gawanya 80 kwa 115 upate takriban 0.7, ambacho ndicho kipengele cha nguvu cha mota hiyo, yaani uwiano wa wati kwa volti-ampea.

Fundi Mkimya: Mimi hubandika utepe juu ya tundu la ampea, hivyo siwezi kulitumia bila kuubandua kwanza.

Jibu: Nimeubandika leo.