Saa 24 za Kwanza: Namna ya Kumkinga Mtoto Mchanga na Homa ya Ini B

Homa ya ini B haimkamati mtoto kama inavyomkamata mtu mzima. Kati ya watoto kumi wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, tisa hivi hubaki na virusi maishani, ilhali kwa watu wazima hawafiki watano kwa kila mia. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kupitia Shirika la Afya Duniani (WHO) kwamba ifikapo 2030 maambukizi mapya yapungue kwa asilimia 90 na vifo kwa asilimia 65. Kwa upande wa Afrika, kazi hiyo iko wodi ya wazazi: takwimu za WHO za 2022 zinaonyesha asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B yalitokea kanda yetu, huku asilimia 18 tu ya watoto wachanga wakipata chanjo ya siku ya kuzaliwa. Mwongozo huu ni wa wakunga, wauguzi wa zahanati, na wazazi wanaotaka kujua waulize nini.

Kumpima mama

Mama apimwe HBsAg (alama ya virusi vya homa ya ini B kwenye damu) hudhurio la kwanza la kliniki, pamoja na VVU na kaswende. Damu ya kidole inatosha kwa kipimo cha haraka. Weka tone la damu, ongeza kimiminika kilichokuja na kipimo, kisha tazama saa. Aina nyingi husomwa baada ya dakika 15 au 20, lakini fuata karatasi ya kipimo ulicho nacho. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda ni chanya. Mstari uliojitokeza baada ya muda kupita usiuhesabu, rudia kipimo. Jibu liandikwe kwenye kadi siku hiyo hiyo, kwa maneno kamili, kwa sababu mkunga wa zamu ya usiku hatalikuta kwenye rejista ya kliniki iliyofungiwa kabatini.

Mama aliye chanya apimwe wingi wa virusi au HBeAg (alama kwamba virusi vinazaliana kwa wingi). Akikutwa na virusi 200,000 au zaidi kwa mililita (katika yuniti za kimataifa), au HBeAg chanya, aanze dawa ya kuzuia virusi, tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito hadi angalau ajifungue. Mwongozo wa WHO wa 2024 unaruhusu, pale vipimo hivyo viwili visipopatikana, kila mjamzito mwenye HBsAg apewe dawa. Hatua hii ni ya maana sana kwetu, maana mama wengi wamekuwa wakirudishwa nyumbani mikono mitupu kwa kukosa kipimo cha maabara ya mkoa.

Kabla ya kuanza, hakikisha jibu la VVU lipo. Tenofovir peke yake kwa mwenye VVU huzalisha usugu. Huyo anahitaji mchanganyiko kamili wa ARV wenye dawa hiyo ndani yake. Pima na kreatinini (kipimo cha figo) kama maabara inaweza. Na mama asiache vidonge kimyakimya: virusi vinaweza kulipuka upya na ini likavimba, kwa hiyo akiachishwa afuatiliwe kwa kipimo cha ALT (kimeng'enya cha ini) miezi inayofuata.

Chanjo ya siku ya kuzaliwa

Tumia chanjo ya homa ya ini B iliyo peke yake. Pentavalenti (chanjo ya pamoja ya magonjwa matano) haifai, haitolewi kabla ya wiki sita. Dozi ni mililita 0.5, sindano ya msuli, upande wa nje wa paja. Itolewe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 24, na inaweza kwenda siku moja na BCG na matone ya polio. Njiti naye apewe. Saa 24 zikipita bado mpe, ingawa kinga hupungua kwa kila siku ya kuchelewa.

Mara nyingi kinachokwamisha ni ufunguo. Chanjo iko kwenye jokofu la kliniki ya mama na mtoto, kliniki imefungwa Ijumaa jioni, mtoto kazaliwa Ijumaa usiku, anachomwa Jumatatu. Weka ufunguo wa pili wodini, au kibebeo chenye vichupa vichache kinachobadilishwa kila zamu. Kikwazo cha pili ni woga wa kufungua kichupa cha dozi kumi kwa ajili ya mtoto mmoja. Sera ya WHO inaruhusu kichupa cha chanjo hii kilichofunguliwa kutumika hadi siku 28, mradi kimekaa nyuzijoto 2 hadi 8, hakijapitwa na tarehe, alama yake ya joto haijafikia kiwango cha kutupwa, na kifuniko hakijatumbukizwa majini. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa.

Joto si adui pekee. Chanjo hii ina chumvi ya aluminiamu, ikiganda inaharibika hata ikiyeyuka tena. Usiiegemeze kwenye ukuta wa jokofu wala kwenye barafu iliyotoka friza sasa hivi. Ukishuku imeganda, chukua kichupa kingine cha toleo lile lile, kigandishe kabisa usiku kucha, kiache kiyeyuke. Kishike pamoja na kile unachokishuku, vitikise kwa sekunde 10 hadi 15, viweke mezani, vitazame kwa nusu saa. Kilichogandishwa kitaonyesha mashapo yakishuka chini na maji maangavu juu. Cha pili kikishuka kwa kasi ile ile, vitupe vyote viwili.

Sindano ya kingamwili zilizo tayari dhidi ya homa ya ini B, pale inapopatikana, huongezwa siku hiyo hiyo kwenye paja jingine. Ni ghali na adimu. Usicheleweshe chanjo ukiisubiri.

Baada ya hapo

Mtoto anyonye maziwa ya mama. Apate pentavalenti wiki ya 6, 10 na 14, kisha apimwe HBsAg na kingamwili kuanzia miezi tisa, siku ya chanjo ya surua ikiwa rahisi. Ukipima mapema mno, chanjo yenyewe au kingamwili aliyopewa mtoto inaweza kukupotosha. Kingamwili za 10 au zaidi (mIU kwa mililita) zina maana amekingwa.

Baba na watoto wakubwa wapimwe pia. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba za Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo waliozaliwa kabla yake hawakuipata utotoni. Aliye hasi apate dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Mama naye asisahauliwe mtoto akishakingwa. Kadiria makovu ya ini lake hivi: gawa AST yake (kimeng'enya kingine cha ini) kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, zidisha kwa 100, gawa kwa idadi ya chembe sahani za damu (kwa maelfu kwa maikrolita). Mwenye AST 48, kiwango cha juu 40 na chembe sahani 150 anapata 0.8. Ikizidi 0.5, mwongozo wa 2024 unasema aanze matibabu. Ikizidi 1, shuku sirosisi (ini lililojaa makovu) na umpe rufaa. Asiyezidi 0.5, asiye na sababu nyingine ya kutibiwa, arudi kupimwa angalau mara moja kwa mwaka.